Sala Mbele ya Mjuzi wa Yote

Asimamaye juu ya mgongo wowote wa Tetu asubuhi ya kiangazi, kabla mawingu hayajapanda, huuona Mlima Kenya upande wa mashariki, na akigeuka huiona safu ya Nyandarua upande wa magharibi. Wazee wa Wagikuyu waliuita mlima ule Kirinyaga, wakaamini kuwa ni makao ya Ngai ashukapo kuiangalia nchi. Nao waliposali waliinua mikono yao na kuelekeza nyuso zao huko. Desturi hiyo ndiyo iliyokipa jina kitabu cha Jomo Kenyatta kiitwacho Facing Mount Kenya, yaani Kuuelekea Mlima Kenya, kilichochapishwa mjini London mwaka 1938.

Shabaha ya insha hii ni kuipima sura ya kitabu hicho ihusuyo dini kwa kipimo cha swali moja. Swali lenyewe ni hili: ikiwa Mungu ajua yote, yaliyopita, yaliyopo na yajayo, mtu amwombaye humwambia nini asichokijua? Na ikiwa hamwambii jipya, asali kwa nini? Swali hili si la kukufuru wala si la mchezo. Huulizwa na mwanafunzi ambaye mama yake amelazwa hospitalini, naye amesali majuma mengi bila ya kuona badiliko. Huulizwa na mkulima atazamaye mahindi yake yakinyauka. Huulizwa pia na kijana hodari wa maneno ambaye ataka tu kuwashinda wenzake katika mjadala. Huyu wa tatu aweza kungoja. Wale wawili wa kwanza wastahili jibu lisilowadanganya.

Kwanza tukitazame kitabu chenyewe. Kenyatta alikiandika baada ya kusoma elimu ya mila za watu katika London School of Economics chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, ambaye alikiandikia utangulizi. Wakati ule walikuwapo Wazungu wengi walioshikilia kwamba Mwafrika hakumjua Mungu mpaka alipoletewa na wageni, na kwamba alichokuwa nacho ni kuabudu mizimu tu. Kenyatta alikusudia kuyavunja maneno hayo. Kwa hiyo yatupasa tukumbuke tusomapo kwamba mwandishi huyu ni shahidi na wakili kwa wakati mmoja: aeleza aliyoyaona, na papo hapo awatetea watu wake. Ushahidi wa wakili si lazima uwe wa uongo, lakini wataka kupimwa.

Mambo matatu katika sura hiyo yahusu swali letu. La kwanza ni kwamba Ngai hasumbuliwi. Kenyatta aeleza kuwa Mgikuyu wa zamani hakumwendea Ngai kila asubuhi na haja zake ndogo ndogo. Mtu akiugua, kwanza alitafutwa mganga, kisha ikaangaliwa kama wazazi waliokufa wamekosewa. Na njia hizo zote ziliposhindikana ndipo jamaa nzima ilipomwelekea Ngai. La pili ni kwamba sala haikuwa shughuli ya mtu peke yake. Katika kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa na kufa, na katika kuomba mvua, kupanda na kuvuna, waliosali walikuwa jamaa au nchi, wala si mtu na tamaa yake.

La tatu ni habari ya ibada ya mvua ambayo mwandishi asema kuwa aliishiriki mwenyewe chini ya mugumo, mti mtakatifu. Alitafutwa mwana-kondoo wa rangi moja. Kabla kondoo hajakubaliwa, wazee walichunguza habari za mwenye mali: je, ni mtu mwaminifu? Je, mikono yake haina damu wala wizi? Baada ya hayo watu waliuzunguka mti, wakasali, wakatoa sadaka. Na mwandishi amalizia kwa kusema kwamba mvua kubwa iliwakuta pale pale, kabla shughuli haijatawanyika.

Msomaji hufurahi afikapo mwisho huo. Ibada imejibiwa, na watu wa Kirinyaga wamethibitika kuwa na Mungu asikiaye. Lakini hapo hatuna budi kusimama, maana hapo ndipo mahali dhaifu pa sura yote. Mvua moja iliyofuata sala moja haithibitishi kwamba sala ndiyo iliyoileta. Watu huomba mvua inapochelewa, yaani wakati ule ule ambao mvua, ikiwa itakuja, i karibu kuja. Tena mwandishi hatuambii ni mara ngapi watu walisali vivyo hivyo wakarudi nyumbani wakavu. Hakimu asikilizaye mashahidi wa upande mmoja tu hakati hukumu ya haki, hata kama mashahidi hao wasema kweli.

Na upande wa pili una mashahidi wake. Kati ya miaka ya 1897 na 1900 nchi ya Wagikuyu na ya Wakamba ilipatwa na njaa kuu. Ukame, nzige, sotoka ya ng'ombe na ndui viliandamana, na vijiji vingi vikabaki mahame. Haielekei hata kidogo kwamba wazee wa siku zile walisahau njia ya kwenda mugumoni. Walikuwa ni wazee wale wale, wenye mlima ule ule mbele ya nyuso zao, na wana-kondoo wa rangi moja. Walisali, na watoto wao wakafa. Kitabu chochote kitakacho kutufundisha maana ya sala kwa mvua iliyonyesha, chapaswa kutuambia pia maana ya mvua isiyonyesha.

Jambo hili si la zamani peke yake. Mapema mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuwamaliza mifugo na kuwafukarisha watu wa kaskazini mwa Kenya na nchi jirani, Serikali iliitisha sala ya taifa ya kuomba mvua, nayo ikafanyika Nairobi tarehe 14 Februari. Mwezi Machi mvua za masika zikaanza. Waumini wengi walisema: sala imejibiwa. Wenye kubisha walisema: Machi ndio mwezi wa masika, na mvua ingekuja hata bila ya sala. Kisha mwisho wa mwaka huo huo yakaja mafuriko, na katika masika ya mwaka 2024 yakaja mengine makubwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu yakachukua nyumba na roho za watu. Ikiwa mvua ya Machi 2023 ilikuwa jibu, je, maji ya Mai Mahiu yalikuwa jibu la sala ya nani? Mwenye haki hawezi kuihesabu ya kwanza akayaacha ya pili.

Basi tukiiweka kando hoja ya mvua, je, sala imebaki bila maana? Wapo wasemao ndiyo, na husema hivyo kwa hoja moja ambayo kwa kweli ni tatu zilizofungwa katika kamba moja. Husema Mungu ajua, kwa hiyo hahitaji kuambiwa. Husema Mungu amekwisha kata shauri, kwa hiyo hageuzwi. Husema Mungu ni mwema, kwa hiyo angetoa hata bila ya kuombwa. Tuifungue kamba hiyo, tutazame kila uzi mbali.

Uzi wa kwanza ni kujua. Hoja yasema kwamba sala ni kazi bure kwa kuwa haimpi Mungu habari mpya. Lakini lugha yetu yenyewe yatuonyesha kosa la hoja hii. Kiswahili kina neno kuarifu na kina neno kuomba, na mawili haya si ndugu. Twaomba ruhusa, twaomba radhi, twaomba dua, twaomba msaada, na katika hayo yote shabaha yetu si kupeleka habari. Mgeni afikapo kwenye nyumba huita hodi. Huenda mwenye nyumba amekaa barazani, akamwona tangu alipokuwa bondeni, akamhesabia hatua zake mpaka mlangoni. Hata hivyo mgeni huita hodi, na asiyeita huhesabiwa kuwa hana adabu. Hodi si habari. Ni kukiri kwamba nyumba si yangu, na kwamba sitaingia kwa nguvu.

Mfano wa kuomba radhi una nguvu zaidi. Mtu aliyetukanwa alijua tusi kuliko aliyelitoa, maana ndiye lililomchoma. Amjiaye kuomba radhi hamwambii lolote asilolijua. Je, tuseme basi kwamba kuomba radhi ni upuuzi kwa kuwa aliyekosewa amekwisha jua? Hakuna mtu asemaye hivyo. Aliyekosewa hangojei habari, angojea mtu. Angojea aliyemkosea aje kwa miguu yake na kusema kwa kinywa chake. Kuna maneno ambayo kazi yake si kujulisha bali ni kutenda, na maneno ya sala ni ya aina hiyo. Wasomao Injili ya Mathayo watakumbuka kwamba katika mlango wa sita Yesu awaambia wanafunzi wake kuwa Baba yao ajua haja zao kabla hawajaomba. Na mara tu baada ya kusema hayo awafundisha kuomba. Hakuona kwamba neno la kwanza lavunja la pili. Kwa hiyo uzi wa kwanza umekatika: elimu ya Mungu haiifanyi sala kuwa bure, maana sala si barua ya kumpasha habari.

Uzi wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Nao ni kukata shauri, au kama wasemavyo watu wa pwani, kadari. Ikiwa litakalokuwa limekwisha andikwa, atakayepona atapona na atakayekufa atakufa. Sala itageuza nini? Swali hili ni la kale sana. Karibu na mwaka 233 Origen, mwanachuoni aliyelelewa Iskandaria katika Afrika hii yetu, aliandika kitabu kizima juu ya sala kwa sababu rafiki zake walimletea shaka hiyo hiyo. Jibu lake lilikuwa kwamba Mungu, ajuaye yote, hujua pia nani atasali na kwa moyo gani, na sala hiyo huhesabiwa ndani ya mpango wake tangu mwanzo. Miaka mia nane na zaidi baadaye al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1111, alijibu vivyo hivyo kwa mifano mizuri. Alisema kwamba ngao ni sababu ya kuzuia mshale, na maji ni sababu ya mimea kuota, na dua vilevile ni sababu ya kuondoa balaa. Wala kuikubali kadari hakumkatazi mtu kubeba ngao. Naye Thomas Aquinas, katika karne ya kumi na tatu, alifundisha kwamba hatusali ili tuligeuze shauri la Mungu, bali ili tupate yale ambayo Mungu aliamua kuyatoa kwa njia ya sala. Watu watatu wa nchi tatu na zama tatu, wawili Wakristo na mmoja Mwislamu, walifika kwenye kisima kimoja.

Jibu lao lina nguvu, na mkulima wa Tetu hahitaji kwenda chuoni ili alielewe. Mungu ajua tangu sasa kama mwaka huu kutakuwa na mavuno ya viazi. Hakuna mkulima asemaye: maadamu Mungu ajua, sitapanda, ikiwa mavuno yameandikwa, viazi vitaota vyenyewe. Ikiwa mavuno yameandikwa, basi na jembe limeandikwa pamoja nayo. Methali yetu yasema kwamba jitihada haiondoi kudura, lakini hakuna methali isemayo kwamba kudura huondoa jitihada. Anayeiacha sala kwa hoja ya kadari yampasa aliache na jembe, aache na dawa, aache na kusoma kwa ajili ya mtihani; na kama hawezi kuyaacha hayo, basi hoja yake haikumshawishi hata yeye mwenyewe.

Hata hivyo tusichukue kutoka kwa wanachuoni hawa zaidi ya walichotupa. Wameonyesha kwamba sala yaweza kuwa sababu miongoni mwa sababu. Hawakuonyesha kwamba katika jambo fulani, siku fulani, ndiyo iliyokuwa sababu. Jembe twaliona likifungua udongo; sala hatuioni ikifungua wingu. Mwenye imani huamini, lakini hawezi kumtolea jirani yake uthibitisho, na ni afadhali akiri hivyo kuliko kutoa mvua ya Machi kuwa ushahidi.

Uzi wa tatu ni wema, na hapa ndipo penye uchungu wa swali lote. Mzazi mwema hangojei mtoto wake alie kwa njaa ndipo ampe chakula. Mungu mwema angojea nini? Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Aljeria, alimwandikia mjane mmoja jina lake Proba kwamba Mungu hutaka tuombe, si ili apate kuijua haja yetu, bali ili haja yetu ipanuke na kuwa tayari kukipokea akitoacho. Jibu hili ni la kweli katika mambo mengi. Zipo zawadi ambazo haziwezi kupewa asiyezitaka. Msamaha ni mmojawapo: ukimpa asiyekiri kosa, hana pa kuuweka. Urafiki ni namna hiyo pia, na hekima.

Lakini si kila kitu kiombwacho ni cha aina hiyo. Mvua si msamaha. Mtoto mchanga aliye hospitalini hana haja ipanuliwayo kwa sala. Mtu akisema kwamba mtoto huyo alikufa kwa sababu jamaa zake hawakusali vya kutosha, amesema neno la ukatili dhidi ya wafiwa, na neno baya zaidi juu ya Mungu, maana amemfanya kuwa karani asiyetoa dawa mpaka fomu ijazwe sawasawa. Hapa sina jibu lililo safi, na nawashuku wale walio nalo. Nisemalo ni kwamba walio hodari katika sala hawakupata daima walichokiomba, wala hawakuiacha sala kwa ajili hiyo. Yesu aliomba katika bustani ya Gethsemane kwamba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Mwana Kupona, bibi wa Kiswahili wa pwani ya Lamu, aliutunga utendi wake wa kumwasa bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Baada ya mawaidha yake aliumalizia kwa dua ndefu, akawaombea watoto wake na jamaa zake, akaomba pia kuondolewa maradhi. Alifariki baada ya miaka miwili hivi. Aliamini kadari kwa moyo wote, aliomba kwa moyo wote, na hatuoni katika utendi ule alama yoyote kwamba imani hizo mbili ziligombana ndani yake. Yafaa wanafunzi wanaousoma utendi huo darasani wakauchunguze mwisho wake, ambao aghalabu hupitwa kwa haraka ili kufika kwenye maswali ya ndoa na adabu.

Sasa tulete mambo haya mahali tulipo. Katika shule nyingi za Kenya, mtihani wa KCSE unapokaribia, hufanywa siku ya maombi. Wazazi huja, wahubiri huja, na katika baadhi ya mahali hata kalamu huletwa mbele zikabarikiwa. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu iliipiga marufuku mikutano hiyo katika muhula wa tatu, pamoja na ziara za wazazi, kwa kuwa ilihofiwa kwamba pamoja na maombi ziliweza kuingia shuleni karatasi za wizi. Fikirini maana ya jambo hilo. Mtu aweza kusimama mbele ya Yule ajuaye yote, akaomba baraka juu ya kalamu, na mfukoni ana majibu aliyoyanunua. Akifanya hivyo, hakuna swali la elimu ya Mungu linalomsumbua, maana kwa vitendo vyake amekwisha amua kwamba Mungu hajui.

Vilevile yako maombi yasiyo na mahali pa kuangukia. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200, hutaja sala iitwayo ya bure: mtu arudiye safarini, akisikia kilio mjini, asiseme, na isiwe nyumbani mwangu, maana kilio kimekwisha kutoka, na nyumba ni ile iliyo. Waliotunga sheria hiyo walikuwa watu wa sala kuliko sisi, nao waliiwekea sala mpaka. Mtahiniwa aliyekwisha weka kalamu chini, na karatasi zake zikachukuliwa, akiomba kwamba majibu yake yawe sahihi, yu katika hali ya mtu yule wa safari. Kabla ya mtihani aweza kuomba utulivu, kumbukumbu na uaminifu. Baada ya mtihani aweza kuomba moyo wa kuyapokea matokeo. Lakini kuomba kwamba nne na tatu aliyoiandika kuwa nane igeuke kuwa saba karatasini, hilo si sala bali ni kutaka Mungu amsaidie kughushi.

Tunapokwisha kuona hayo, twaweza kurudi kwenye ibada ya mugumo na kuisoma upya. Mahali pa nguvu katika habari ile si mwisho wake, mvua iliponyesha. Ni mwanzo wake, wazee walipouliza habari za mwenye kondoo. Kwa nini waliuliza? Kama Ngai angekuwa hajui, wangeweza kumletea kondoo wa wizi naye asitambue. Waliuliza kwa sababu waliamini kwamba Ngai ajua. Kujua kwake hakukuwafungia njia ya sala; kuliwalazimisha kujichunguza kabla ya kuikanyaga njia hiyo. Mbele ya mtu twaweza kuomba kwa werevu, tukaficha hili na kulipamba lile. Mbele ya Mjuzi wa yote hakuna cha kuficha wala cha kupamba, na kwa hiyo hapo pekee ndipo mtu hulazimika kusema kweli juu ya nafsi yake. Hapo twaona kwamba hoja iliyoletwa ili kuibomoa sala ndiyo msingi wake. Kenyatta, kwa kuwa alikuwa wakili, aliuweka uzito juu ya mvua, maana wasomaji wake wa London walitaka miujiza au kicheko. Ushahidi wake mwenyewe wauweka uzito juu ya kondoo.

Aliyeliona jambo hilo kwa macho mengine alizaliwa hapa hapa Tetu. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe mwaka 1940, Mbunge wa Tetu baada ya uchaguzi wa 2002, na mshindi wa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aeleza katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 habari ya mugumo uliokuwa karibu na kwao. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito cha maji safi. Miaka ilipita, akaenda kusoma Marekani, akarudi. Mti alikuta umekatwa na mwenye shamba mpya aliyetaka nafasi ya kupanda majani ya chai, na kijito kilikuwa kimekauka. Baadaye alielewa kwamba mizizi ya mugumo hupenya chini sana katika ardhi na kuyasaidia maji kupanda juu.

Watu wa zamani hawakuwa na elimu hiyo ya mizizi. Lakini waliosali chini ya mti hawakuukata, na kwa kutoukata waliyalinda maji waliyoyaombea. Sala yao iliwafunga wao wenyewe. Tumlinganishe na wao mtu wa leo aombaye mvua Jumapili na kukata miti ya chemchemi Jumatatu. Dua la kuku halimpati mwewe, husema watu, wakimaanisha kwamba mnyonge hana nguvu juu ya mwenye nguvu. Lakini dua la mtu huyu halina udhuru wa unyonge. Shoka analo mkononi.

Haya ndiyo nipendayo wanafunzi wayachukue kutoka katika sura ile. Msiipime sala kwa hesabu ya mvua, maana hesabu hiyo haijapata kufungwa sawasawa na mtu yeyote, wala mwenye kuamini wala mwenye kukana. Msiogope kwamba Mungu ajua haja zenu kabla ya kuomba. Yeye anayekuja mlangoni hakosi kuita hodi kwa kuwa ameonekana. Na mkisali, ulizeni kwanza walilouliza wazee: kondoo huyu ni wa nani, na amepatikana kwa njia gani?